Tiki ya Mnara wa 7

Picha yangu iliyowahi kupendwa na watu wengi zaidi Instagram ni ile niliyopigwa nikiwa na helmeti na reflekta, helikopta iko juu yangu imening'iniza nguzo ya chuma kama kijiti cha kuchokoa meno. Nyuma yangu ni milima ya Colorado, misonobari, na anga ya buluu ile ya kuringa. Watu waliandika, "Manzi wa mjengo!" Binamu yangu akauliza kama nimeingia siasa, maana kwetu chopa ni ya mheshimiwa anayekuja kutimua vumbi kwenye uwanja wa shule halafu anapotea kwa miaka mitano. Mama aliichapisha, akaitia fremu, na iko sebuleni hadi leo, katikati ya saa ya ukutani na kalenda ya kanisa.

Sijawahi kumwambia Mama kilichotokea muda mfupi baada ya ile picha. Wacha nikiseme hapa, kwa sababu yeye hasomi vitu vya mtandaoni, na kwa sababu nimechoka kupita pale sebuleni nikiangalia kando.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kimoja huko Colorado. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanatafuta kazi za likizo kwenye ofisi zenye kiyoyozi. Mimi nilipata mjengo. Kampuni moja ilikuwa inajenga lifti ya viti mlimani, na ilitaka mtu wa kushika vipimo, kujaza fomu, na kufanya chochote kingine atakachoambiwa. Nikasema niko tayari. Nilikuwa sijawahi kuona lifti ya viti. Nilikuwa nimeona theluji mara mbili, na mara zote mbili nilianguka.

Kwa asiyeijua: lifti ya viti ni kebo moja ndefu ya chuma iliyounganishwa ikawa duara, inayozunguka mchana kutwa kati ya kituo cha chini na kituo cha juu. Viti vinaning'inia kwenye hiyo kebo. Watu wenye pesa wanakalia viti, wanapandishwa hadi kileleni, wanateremka wakiteleza kwenye theluji, wanapanga foleni tena. Kazi ya minara ni kuishikilia kebo isiguse ardhi. Kila mnara una mkono wa chuma kule juu, na kwenye huo mkono kuna safu ya kapi ambazo kebo inapita juu yake. Lifti yetu ilikuwa na minara 16. Inahesabiwa kutoka chini: 1 iko karibu na maegesho ya magari, 16 iko mahali ambapo ukiinama kufunga viatu unahema.

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha kilikuwa ndizi. Nilisoma kwamba lifti ya viti ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1936 huko Sun Valley, jimbo la Idaho, na aliyeibuni ni Jim Curran, mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific. Kabla ya hapo Curran alikuwa ameshughulikia mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto: kebo inayotembea, ndoano zinaning'inia, mikungu inasafiri kwenda melini. Alipoambiwa abuni njia ya kuwapandisha watu mlimani, aliondoa ndoano akaweka kiti. Na majaribio aliyafanyia Omaha, mji ulio tambarare kama chapati, kiti kikiwa kimefungwa ubavuni mwa lori, mtu amesimama akingoja kuzolewa nacho.

Nilimpigia Mama simu kumweleza. Mama ameuza ndizi maisha yake yote. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikungu ya Kisii iliyoteremshwa Marikiti saa tisa usiku. Akacheka. "Kwa hivyo wazungu wanabebwa kama ndizi zangu?" Nikamwambia ndiyo, tofauti ni kwamba wao wanalipa nauli. "Na wakifika juu wanafanya nini?" Wanateremka. Akanyamaza kidogo. "Wanalipa kupanda, halafu wanateremka?" Ndiyo, Mama. "Basi wewe fanya kazi yako vizuri, urudi nyumbani."

Kazi yenyewe inaanza na mstari. Wapima ardhi wanapiga mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu, miti inakatwa, kisha kila mahali pa mnara panachimbwa shimo. Kama barabara ya mjengo inafika, mambo ni rahisi: lori la konkriti linapanda, kreni inapanda, inasimamisha nguzo, mnaenda nyumbani. Lakini mlima haujali urahisi wako. Minara yetu mitano tu ya chini ndiyo iliyokuwa na barabara. Kuanzia wa 6, ni mteremko, mawe na mizizi.

Huko kulichimbwa na mashine ambayo hadi leo naiota. Ni eskaveta yenye miguu minne kama buibui, kila mguu unajisogeza peke yake, kwa hivyo inaweza kusimama kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili. Wazo hilo lilizaliwa kule Uswisi na Liechtenstein miaka ya 1960. Haiendi, inatembea. Inachomeka ndoo yake ardhini, inajivuta, inapanga miguu, inajivuta tena. Dereva wake alikuwa mzee mmoja kutoka Mexico, mtu wa maneno machache, aliyekuwa Marekani kwa viza ya msimu. Kila mwaka alikuja mwezi wa tano, akarudi kwao mwezi wa kumi na moja. Alikuwa na mabinti watatu. Mimi aliniita "mija", binti yangu, na kila alasiri alinipa nusu ya chungwa lake bila kuuliza kama nalitaka.

Shimo likishachimbwa, vyuma vinafungwa kama kizimba, na juu yake zinasimamishwa bolti kumi na mbili, ndefu kuliko mguu wangu na nene kama mpini wa jembe. Bolti hizo ndizo zitakazoshika mnara. Ili zikae mahali pake wakati konkriti inamwagwa, zinashikwa na pete ya chuma yenye matundu kumi na mawili, sawasawa kabisa na matundu yaliyo kwenye kitako cha nguzo. Kisha konkriti inaletwa na helikopta ndogo, ndoo baada ya ndoo. Ndoo moja ni kama nusu mita ya ujazo, ambayo ni tani moja na kidogo. Shimo la mita kumi za ujazo linakula ndoo ishirini. Huku chini watu wanaipokea, wanaimwaga, wanaitikisa kwa mashine ili hewa itoke, na ndoo inayofuata imeshafika. Haina kupumzika, maana konkriti haimngoji mtu.

Miaka ya kabla ya helikopta nimeisoma kwa mshangao. Kule Alps walijenga kwanza lifti ndogo ya muda ya kubebea mizigo, kisha wakaitumia kujenga lifti kubwa. Walisimamisha mlingoti, wakaweka kapi, wakavuta nguzo kwa winchi kipande kwa kipande. Kwenye Aiguille du Midi, kule Ufaransa, kebo ya kwanza ilishushwa mlimani na waongozaji wa wapanda milima, kwa mikono na mabega, miaka kadhaa kabla ya lifti kufunguliwa mwaka wa 1955. Na wala si mambo ya zamani tu. Lifti ya Zugspitze, Ujerumani, iliyofunguliwa Desemba 2017, ina mnara mmoja tu wenye urefu wa mita 127, na baada ya huo mnara kebo inaruka mita 3,213 bila kuegemea kitu. Hapo pia walitumia lifti ya mizigo ya muda. Helikopta ina haraka, lakini haiwezi kila kitu.

Kwetu ndiyo iliyokuwa mpango. Na mpango wa helikopta una sharti moja: kila kitu kilicho chini lazima kiwe tayari kabla haijafika. Inalipwa kwa saa, na ile saa ni pesa ambayo Mama angefungua nayo duka. Nguzo ikifika juu ya bolti, inashuka, inakaa, nati zinafungwa, ndoano inaachiliwa, inaondoka. Hakuna nafasi ya "ngoja kwanza tuone". Matundu ya kitako yanazidi unene wa bolti kwa milimita chache tu. Bolti moja ikikaa vibaya, mnara wote umekataa.

Ndiyo maana kulikuwa na fomu, na fomu ilikuwa yangu. Konkriti ikishashika, na kabla ya buibui kurudisha udongo, nilitakiwa kupanda kwa kila mnara na pete ya kipimo, niivalishe juu ya bolti zote kumi na mbili, nione kama inateremka bila kukwama, kisha nitie tiki na sahihi. Minara 16, tiki 16. Kazi ambayo hata mtoto angeiweza.

Siku ya mnara wa 7 kulikuwa na ukungu na mvua nyepesi ya baridi. Nilikuwa nimemaliza wa 5 na wa 6. Kutoka wa 6 hadi wa 7 hakukuwa mbali kwa macho, lakini kulikuwa na mawe makubwa yaliyoteleza, na ile pete ilikuwa nzito. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Saa kumi alasiri ilikuwa imefika, gari la kuturudisha lilikuwa linapiga honi kule chini. Nilitazama juu nikawaza: minara sita yote iko sawa, huu wa saba utakosea vipi? Watu ni wale wale, pete ni ile ile. Kesho nitapanda nihakikishe.

Nikatia tiki. Nikaweka sahihi. Kesho yake nilitumwa mnara wa 11, na kesho ya kupanda haikuja tena.

Sitajitetea. Kama umesoma Kenya unaijua hiyo tiki. Ni ile ya rejista ya darasa ambayo prefekti anaijaza usiku. Ni ile ya choo cha petroli iliyobandikwa mlangoni, "kimesafishwa saa 8, saa 9, saa 10", kwa kalamu moja na mwandiko mmoja wa mkupuo mmoja. Nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia kujifunza uhandisi, na nilikuja na tiki yangu kwenye begi.

Siku ya kusimamisha minara ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Tulifika uwanjani kabla ya jua. Minara inasimamishwa asubuhi kwa sababu mbili: upepo bado umelala, na hewa baridi ni nzito, inaibeba helikopta vizuri zaidi. Kwenye mwinuko ule hewa tayari ni nyepesi. Jua likiipasha moto, helikopta inapoteza nguvu, na kila kilo inahesabiwa.

Iliyokuja ilikuwa K-MAX, na ukiiona mara ya kwanza unadhani imeharibika. Ni nyembamba kama uso wa panzi, haina feni ya mkiani, ina rota mbili zinazopishana juu kama mikono ya mtu anayekanda unga. Kiti ni kimoja. Imeundwa kwa ajili ya kunyanyua tu: yenyewe ina uzito wa kama kilo 2,300, na inaweza kubeba hadi kilo 2,700. Yaani inabeba kilicho kizito kuliko yenyewe, kama siafu. Rubani haangalii mbele. Dirisha limetokeza kando kama bakuli, naye anatoa kichwa humo akitazama moja kwa moja chini, kwenye mwisho wa kamba ndefu ambako mnara wa watu unaning'inia.

Mimi nilikuwa kundi la uwanjani, wale wa kufunga mizigo. Ndoano ikishuka unaiacha iguse ardhi kwanza, kwa sababu helikopta inajichaji umeme hewani na ukiidaka ovyo itakupiga shoti utakayowasimulia wajukuu. Unafunga, unatoka mbio, unainua mkono. Nguzo inasimama taratibu kutoka ardhini kama mzee anayeamka kwenye kiti, kisha inaondoka. Kule juu, vijana wanne wanaisubiri kwenye bolti, wanashika kamba za kuielekeza, wanaizungusha mpaka matundu yakutane na bolti. Dakika nne, tano, helikopta imerudi.

Mnara wa 1 ukakaa. Wa 2, wa 3. Kwenye wa 4 ndipo mwenzangu aliponipiga ile picha. Wa 5, wa 6. Watu walianza kutaniana kwenye redio.

Kisha redio ikasema, "Saba haikubali."

Kimya. Kisha, "Tunajaribu tena." Kutoka uwanjani tuliiona helikopta kule juu imesimama hewani, mnara unapanda kidogo, unashuka, unapanda. "Imekwama upande wa juu. Haikubali. Mrudishie." Rubani hakubishana. Aligeuka akaurudisha ule mnara hadi uwanjani, akaulaza chini polepole, akachukua wa 8.

Fomeni wetu hakuwa mtu wa kelele. Alikwenda kwa gari lake, akatoa faili, akafungua ukurasa wa mnara wa 7. Kisha akamwita mzee wa buibui, aliyekuwa uwanjani siku hiyo akisaidia kupanga nguzo.

"Uligonga bolti ulipokuwa unarudisha udongo?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Hapana, bosi. Sikugonga."

Fomeni akamgeuzia faili. "Hapa imeandikwa bolti zilikuwa sawa kabla hujarudisha udongo. Sasa haziko sawa. Kati ya hapo na leo ni wewe tu uliyefika pale na mashine."

Mzee akaitazama ile karatasi. Akainua macho akanitazama mimi. Hakukasirika. Alinitazama tu, kisha akatazama viatu vyake. Wote tulijua maana yake. Msimu ujao kampuni ingeandika upya majina ya watu wa kuombewa viza, na jina la mtu anayegonga bolti kisha anakana halirudi kwenye orodha.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Badala yake ndoano ilishuka, nikafunga mnara wa 9.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nawaza nini. Ukweli si wa kupendeza: nilikuwa napiga hesabu. Niliwaza viza yangu ya mwanafunzi. Niliwaza barua ya mapendekezo. Niliwaza, labda kweli aligonga. Mimi sikuangalia, kwa hivyo siwezi kujua, si ndiyo? Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia aibu zaidi. Kutoangalia kwangu nilikuwa nimekugeuza kuwa utetezi wangu. Nikafunga wa 10. Nikafunga wa 11. Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi peke yake, amekunja mikono, hakuna aliyemsogelea.

Nilinyamaza kwa safari nne za helikopta. Ni kama dakika kumi na nane. Najua kwa sababu niliziishi moja moja.

Wa 12 ulipoondoka nilimwendea fomeni. Miguu haikuwa yangu. Nikamwambia, "Mnara wa 7 sikuupima. Nilitia tiki bila kupanda."

Hakusema kitu kwa muda. Nilitarajia matusi, ningeyashukuru. Akaangalia saa, akaangalia matawi ya miti kuona upepo, akasema, "Pete iko kwa gari langu. Panda sasa. Nataka namba ya bolti, imehama upande gani, na kwa milimita ngapi. Una saa moja."

Walinifikisha kwa kigari mahali njia inapoishia. Kutoka hapo nilipanda na ile pete begani, juu ya yale mawe niliyoyakwepa wiki tatu kabla, na safari hii hayakuwa na mvua. Ilinichukua dakika ishirini na tano. Dakika ishirini na tano tu! Nilifika natapika hewa, nikaivalisha pete juu ya bolti. Ikashuka upande mmoja, ikakwama mwingine. Bolti ya 5. Niliinama nikaitazama vizuri. Ilikuwa imesimama wima kabisa, rangi yake haijakwaruzwa hata kidogo. Hakuna ndoo ya eskaveta iliyowahi kuigusa. Ilihama siku ile ile konkriti ilipomwagwa, labda nati ya pete haikukazwa, na ilikuwa imekaa hapo muda wote ikingoja mtu mmoja aje kuitazama.

Nilisema kwenye redio, mbele ya watu wote waliokuwa wanasikiliza: "Bolti ya 5, imehama milimita saba kuelekea juu ya mlima. Haijagongwa. Narudia, haijagongwa." Sikuwa nimeambiwa niseme hiyo sehemu ya mwisho.

Kule uwanjani walipiga simu kwa mhandisi, akakubali tundu la 5 la kitako lipanuliwe na juu yake iwekwe washa nene ya kulifunika. Walilitoboa pale pale, nguzo ikiwa imelala chini, wakati helikopta inamaliza minara ya juu. Mnara wa 7 uliruka wa mwisho, upepo ukiwa umeshaanza kuamka. Mimi nilikuwa bado kule kwenye bolti. Fomeni alisema nibaki. Nilishika kamba moja ya kuelekeza, mikono inatetemeka. Nguzo ilishuka, ikayumba, ikarudi. Ikatulia. Ikaingia kwenye bolti zote kumi na mbili kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Nilifunga nati ya 5 kwa mkono wangu, kisha nikaikaza kwa spana, kisha nikaikaza tena.

Jioni nilimtafuta mzee. Alikuwa anapaka grisi miguu ya buibui wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwa Kihispania changu cha kuokoteza, lakini nilichoweza kusema ni samahani tu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile nilikuwa pale juu tangu asubuhi, kwenye mnara wa 7. Nilikungoja upime ndipo nirudishe udongo. Hukuja. Jioni wakaniambia karatasi iko sawa, rudisha. Nikarudisha."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema asubuhi, pale fomeni alipomwonyesha faili. Akapangusa mikono kwa kitambaa, pole pole, kidole kwa kidole.

"Ningesema nini, mija? Wewe una karatasi. Mimi nina mdomo."

Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa chungwa. Sikuweza kulila. Nililibeba hadi chumbani, likakaa dirishani mpaka likanyauka.

Sikufukuzwa. Nilimaliza msimu, nikaona kebo ikivutwa, kwanza kamba nyembamba, hiyo kamba ikavuta nene zaidi, mpaka kebo yenyewe ikapita kwenye kapi zote na ncha zake mbili zikasukwa zikawa kitu kimoja. Nikaona kiti cha kwanza kikipita juu ya mnara wa 7. Barua ya mapendekezo sikuomba. Msimu uliofuata nilisikia kwamba mzee alirudi kazini. Mimi sikuitwa, na hiyo ilikuwa haki.

Sasa niko Nairobi. Nafanya kazi kwenye majengo, ghorofa saba, ghorofa kumi. Huku kwetu hakuna helikopta ya kuja kukuumbua asubuhi moja. Ukitia tiki ya uongo kwenye nguzo, konkriti inaifunika, plasta inaifunika, rangi inaifunika, na wapangaji wanahamia na sofa zao. Inaweza kukaa hivyo miaka. Au mvua inaweza kunyesha usiku mmoja wa Aprili, kama ilivyonyesha Huruma mwaka wa 2016, na watu zaidi ya 50 wasiamke. Mlimani, kosa langu lilikutana na milimita zisizodanganyika mbele ya mashahidi, na mnara ukakataa. Nimekuja kuuonea wivu ule mnara. Majengo mengi hayawezi kukataa.

Mwaka huu nimepewa vijana wawili wa mafunzo, wametoka chuo juzi, viatu vyao bado vinang'aa. Siku ya kwanza mmoja aliniletea fomu ya ukaguzi wa vyuma vya ghorofa ya nne. Tiki safi kabisa, zimepangwa kama askari. Nikamuuliza, "Umepanda?" Akasema, "Ndiyo, madam." Nikamuuliza nafasi kati ya chuma na chuma ni milimita ngapi. Akaangalia dari.

Sikumgombeza. Nilichukua futi yangu, nikampa. Nikamwambia, "Kwangu hakuna tiki. Niandikie namba. Namba huwezi kuipata ukiwa hapa chini."

Alipanda. Nikamsikia kule juu akimuuliza fundi amshikie upande ule mwingine wa futi.